Sahani ya kwanza ya Mama Teatre

Kila tarehe 1 mwezi wa 12, kwetu Kadutu, mjini Bukavu, Congo, mchezo wetu wa kifo cha Sista Anuarite ukiisha shangazi yangu alikuwa anatoka nyuma ya pazia na sufuria mkononi. Kabla ya kusalimia padri, kabla ya kuhesabu makostime, watu hata hawajamaliza kupiga makofi, anasimama katikati ya sale, ukumbi wa parokia, na kuuliza kwa sauti yake ya soko: "Nani njo alikuwa muuaji leo?" Mtoto aliyecheza koloneli, yule anayemuua sista, anakuja mbele, bado masizi iko kwenye uso, bado anatetemeka kidogo, na shangazi anamfuta uso na pembe ya kitenge chake, anamwita jina lake la ubatizo mara tatu, mtoto anaitika mara tatu, halafu anapewa sahani ya kwanza. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza juu, zile samaki ndogo za ziwa. Hakuna mtu anaonja mbele yake, si padri, si wazee wa shirika, si hata yule binti aliyecheza Anuarite na ambaye tumetoka kumuona anakufa.

Mimi nilikula ile sahani mara moja tu, mwaka 2004, na mpaka leo nikisikia harufu ya sambaza imekaangwa na pilipili narudi mule ndani ya ile sale.

Shangazi alituacha mwaka 2022, alikuwa na miaka 66. Kartye nzima, mtaa wote, ilimuitaka Mama Teatre, hata watoto ambao hawakujua jina lake lingine. Kwenye kilio watu walisimama mmoja mmoja, huyu anasema alikuwa mama wa sala, huyu mama wa familia, huyu mama wa teatre, na mimi nilikuwa nimekaa pale chini ya hema nikitaka kusema hapana, maisha yake hayakukatwa vipande vile, lakini koo ilikuwa imefunga. Njo maana naandika.

Kwanza niseme juu ya Anuarite, juu najua kuna watu wanasoma hapa wako mbali na mambo ya kwetu. Anuarite Nengapeta alikuwa sista wa Congo, wa masista wa Jamaa Takatifu, mzaliwa wa upande wa Wamba. Mwaka 1964 wakati wa vita ya waasi walioitwa Simba, yeye na wenzake walichukuliwa kutoka konventi yao ya Bafwabaka, wakapelekwa Isiro, na kule koloneli mmoja wa waasi alimtaka kwa nguvu. Akakataa. Akapigwa, akachomwa na bayoneti, mwisho koloneli mwenyewe akampiga risasi, usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa 12. Alikuwa hajatimiza hata miaka 25. Neno lake ambalo kila mkatoliki wa Congo analijua ni la Kiswahili: "Naivyo nilivyotaka." Na alimwambia yule anayemuua kwamba anamsamehe.

Shangazi mwaka ule wa 1964 alikuwa na miaka 8. Simba walifika mpaka Bukavu mwezi wa 8, jeshi la serikali la koloneli Mulamba likawarudisha, njo maana mjini tuko na uwanja unaitwa Place Mulamba mpaka leo. Alituambiaka kwamba wakati wa zile risasi mama yake aliwalaza wote chini ya kitanda na akaweka godoro mbele, na katika ile giza mama yake alikuwa anawahadithia hadithi ya sungura kwa sauti ndogo sana, anabadilisha sauti, ya fisi inakuwa nzito, ya sungura inakuwa nyembamba, na watoto wakasahau kulia. "Pale njo nilijifunza teatre," alisemaka. "Chini ya kitanda." Hakusomea popote kingine. Alifika darasa la sita ya primeri, akaolewa, akazaa saba.

Kazi yake ilikuwa sambaza. Ukikaa Bukavu unajua, zile samaki ndogo za ziwa Kivu, wavuvi wanatoka jioni na mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, wanawasha taa juu ya maji, wanapiga makasia na kuimba, asubuhi wanarudi. Shangazi alikuwa anaamka saa kumi ya usiku, anashuka kutoka Kadutu mpaka ziwani na beseni na rozari. Ile njia ya kushuka ilikuwa ni rozari nzima, mafumbo yote matano, alijua Salamu Maria ya ngapi inaangukia kwenye mtaro gani. Ile ya kupanda, na beseni juu ya kichwa, ilikuwa ya maneno ya mchezo. Watu wa njiani walimzoea, mama mmoja anapanda ngazi za udongo, anapumua kwa nguvu na anasema peke yake, "Koloneli, mimi ni bibi arusi wa mwingine," anasimama, anarudia na sauti ingine. Kuna wageni waliogopa wakifikiri amechanganyikiwa.

Alipenda pia kutuambia kwamba sambaza si za kwetu, zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na sasa nani anaweza kufikiria Bukavu bila sambaza? Alisema ile kila mara mtoto mgeni aliingia kwenye kundi, mtoto aliyetoka Shabunda au Walungu au Uvira, watoto wa wale waliokimbia vita kijijini na kuja kukaa Kadutu watu kumi ndani ya chumba kimoja. "Huyu naye ni sambaza," anasema, anamweka mbele.

Teatre ya Anuarite ilianza mwaka 1985. Tarehe 15 mwezi wa 8 Papa Yohana Paulo wa Pili alikuja Kinshasa kumtangaza Mwenyeheri, na shangazi alifuata misa yote kwenye radio ya jirani, na mtoto mgongoni. Na kilichomkamata katika ile misa yote si zile nyimbo, ni kwamba Papa mbele ya watu wote alitoa msamaha kwa yule muuaji, kwa niaba ya Kanisa. Shangazi aliniambia ile habari labda mara hamsini na kila mara macho yake yalibadilika. "Unaona? Siku ya sikukuu ya mutoto wetu, Papa akakumbuka na ule aliyemuua. Sasa siye batu ya Kadutu tufanye nini? Siye hatuna neno kubwa ya kusema. Tuko na bugali."

Basi ile sahani ilitoka pale. Wengine walifikiri ni mchezo tu wa kufurahisha watoto, lakini ilikuwa ni kitu aliomba na akakifikiria, na akakilinda miaka karibu 37 bila kuruka hata mmoja.

Mume wake alikuwa mwalimu. Sisi wote tulimwita Mwalimu, hata watoto wake wa kuzaa. Mtu wa kimya sana, mrefu, miwani imefungwa na uzi. Katika kundi kazi yake ilikuwa sufleri, anakaa nyuma ya pazia juu ya kiti kidogo na kayee, daftari ya mchezo, na torshi, ukisahau neno yeye anakupa, kwa sauti ambayo sale haisikii lakini wewe unaisikia kama iko ndani ya sikio lako. Miaka yote ile sikumuona mara moja mbele ya watu. Nyumbani pia ilikuwa vile. Shangazi anapigana na mambo, shule ya watoto, kodi ya nyumba, likelemba, ule mchango wa zamu wa wamama, na Mwalimu yuko pembeni, anasema neno moja pale ambapo shangazi amekwama. Ile miaka ambayo serikali ilikuwa hailipi walimu na wazazi njo walikuwa wanatoa prime, pesa ya kuwalipa, kulikuwa na miezi ambayo ndani ya nyumba pesa ilikuwa ya sambaza tu, na sikusikia siku moja shangazi akimwambia Mwalimu neno la kumshusha. Na tulikuwa wengi mule: saba wake, na sisi watatu wa kaka yake, juu baba yetu alienda kutafuta dhahabu upande wa Shabunda mwaka 1998 na hakurudi, na mama alikuwa ameshakufa.

Sikuwa mtoto rahisi. Niliingia kwake na miaka 9, nilikuwa nakojoa kitandani, nilikuwa napiga wengine. Hakunihubiria. Alinipa kazi ya kushika kamba ya pazia. Mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga, na kama unashika pazia lazima ujue mchezo wote, neno kwa neno, juu ukichelewa umeharibu kazi ya watu ishirini. Mwisho wa mwaka nilikuwa najua maneno ya kila mtu na nilikuwa nimeacha kupiga.

Repetisyo, mazoezi ya mchezo, zilikuwa Jumanne na Alhamisi baada ya misa ya jioni. Alianza na sala, fupi, alichukia sala ndefu za mtu anayejisikiliza, halafu anauliza kila mmoja amekula nini leo. Kweli, anauliza mmoja mmoja. Yule aliyesema chai tu au aliyenyamaza, siku ile hapewi sehemu ya kupiga kelele au kukimbia, anapewa kukaa na kusikiliza, na wakati wa kutoka kuna kitu kimefungwa ndani ya jani kinaingia mkononi mwake pale mlangoni. Sisi tulifikiri ni bahati yao. Nilikuja kuelewa zile hesabu zake nikiwa mtu mzima.

Kuna siku moja ya mvua nataka niiseme. Mwezi wa 12 kwetu ni mvua, na sale ya parokia ilikuwa ya manjanja, bati tupu, bila plafo, dari ya ndani, mvua ikianza hausikii hata mtu anayekupigia kelele kwenye sikio. Makundi mengine mvua ikinyesha wanapiga kelele zaidi, sauti zinapasuka, watu wanacheka. Yeye alitufundisha kusimama. Mvua ikipiga manjanja, kila mtu anabaki vile alivyo, mkono kama uko juu unabaki juu, jicho kama linaangalia mlango linaangalia mlango, mpaka mvua ipungue. Mwaka 2003 ilitukuta pale ambapo masista wanashushwa kutoka kwenye lori. Masista wanane wa mashuka meupe, wamesimama wameshikana mikono, askari na bunduki za mti, na mvua. Ilichukua labda robo saa. Umeme ulikatika, mtu akawasha taa ya petroli akaiweka chini mbele, na katika ile mwangaza ndogo hakuna mtu aliyetikisika, na sale yenyewe, mamia ya watu wamebanana, watoto madirishani, sale nzima ikanyamaza pamoja nao. Mimi nilikuwa kwenye kamba, naona jasho inashuka kwenye shingo ya binti aliyecheza sista wa mwisho, tone moja, linatoka nyuma ya sikio linaingia ndani ya shuka. Sijawahi kusali vile kabla wala baada. Mvua ikapungua, na Mwalimu nyuma ya pazia akatoa neno linalofuata, taratibu, kama hakuna kilichopita.

Mwaka uliofuata njo ulikuwa zamu yangu.

Mwaka 2004 watu wa Bukavu hawahitaji kuelezewa. Mwisho wa mwezi wa 5 mpaka mwanzo wa mwezi wa 6, mji ulichukuliwa na waasi waliotoka ndani ya jeshi lenyewe, waliingia nyumba kwa nyumba, na yaliyofanyiwa wamama na mabinti siyaandiki hapa. Miezi sita baadaye shangazi akasema tunacheza Anuarite kama kila mwaka. Wengi walimuomba aache. Hata wazee wa parokia walikuja nyumbani, wakakaa, wakakunywa chai, wakasema Mama, mwaka huu watu bado wana kidonda, unaenda kuonyesha askari anayetaka mwanamke kwa nguvu, mbele ya wale wale. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Bazee yangu, mule ndani ya manyumba banacheza hii mchezo kila usiku peke yao, ndani ya kichwa. Acheni baione wakiwa pamoja."

Sijui kama alikuwa na haki. Nimefikiri sana juu ya hili na kuna siku naona wazee ndio walikuwa na haki. Naandika tu vile ilikuwa.

Hakuna kijana aliyetaka kucheza koloneli. Nilikuwa na miaka 15, sauti ilikuwa imeshaanza kuwa nzito, akaniangalia akaniambia, "Ni weye." Nikakataa. Nikamwambia shangazi, nitakuwa padri, nitakuwa lori, nitakuwa chochote. Akanikalisha kwenye jiko, alikuwa anachagua sombe, akaniambia kwamba hii sehemu hawezi kumpa mtoto wa mtu mwingine mwaka huu, juu yule atakayeicheza atachukiwa kweli kweli, na hawezi kumtuma mtoto wa jirani mahali ambapo hawezi kumtuma wa kwake. "Nakupatia weye juu najua njia ya kukurudisha."

Nilijifunza ile sehemu kwa woga. Alinikataza kupiga kelele. Nilitaka kuwa koloneli wa kelele, macho nje, kama kwenye filamu, akasema hapana, huyu mtu anajiona ana haki, anasema polepole kama mtu anayenunua kitu sokoni na anajua bei. Na ni vile nilivyofanya. Na siku ile, nilipomshika Anuarite mkono na kusema maneno yangu polepole, niliona kitu katika macho ya watu wa mbele ambacho sikukitegemea. Hawakuwa wananiona mimi tena.

Mama mmoja alisimama. Wa umri wa kati, kitambaa cha rangi ya maji ya ziwa kichwani, nakiona mpaka sasa. Akapanda jukwaani, hakuna aliyemzuia, akavua sandali yake na akanipiga nayo usoni. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakusema kitu. Alikuwa anapiga kama mtu anayepiga nguo kwenye jiwe. Mimi sikujikinga, nilikumbuka tu ile ya mvua, kwamba tunasimama, basi nikasimama, bunduki ya mti mkononi, damu inatoka puani. Binti aliyecheza Anuarite, na hili halikuandikwa popote kwenye kayee, akaja katikati yetu, akamshika yule mama, akamkumbatia, na yule mama akaanza kulia sauti ambayo sale nzima ililia nayo.

Nilingoja shangazi afunge mchezo. Hakufunga. Alikaa na yule mama pale pale chini ya jukwaa, amempakata kama mtoto, na akatupa ishara ya mkono tuendelee. Na tukaendelea, Anuarite akasema neno lake, akasamehe, nikampiga risasi yangu ya mdomo na ngoma, akaanguka.

Halafu sufuria. "Nani njo alikuwa muuaji leo?" Na miguu yangu ikakataa kutoka nyuma ya pazia. Nilikuwa nimekaa chini nyuma ya magunia, nimeficha uso, nilikuwa na hakika kwamba kile watu walikiona ndani yangu kiko kweli, kwamba nimekibeba tangu zamani, tangu nilipokuwa napiga wengine. Alikuja kunitafuta mwenyewe. Alinifuta damu na masizi na kile kitenge, taratibu, kwanza paji, halafu mashavu, mwisho mdomo, akaniita jina langu. Sikuitika. Akaita tena. Nikaitika kidogo. Ya tatu aliita kama mtu anayemwita mtoto wake aliye mbali ng'ambo ya bonde, na nikaitika kwa sauti, na sale ikasikia.

Akanishika mkono tukatoka. Na yule mama wa kitambaa alikuwa bado pale. Shangazi alimpa sufuria ashike. Sijui kama walikuwa wamesemezana, lakini yule mama njo aliniwekea sambaza juu ya sahani, na mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka nyingine zikaanguka chini, akainama akaziokota moja moja. Hakuniangalia usoni. Nilikula zote.

Sijui alikuwa nani, sikumuona tena kwenye mchezo. Kwenye misa nilimuona mara mbili tatu kwa mbali, na kile kitambaa.

Baada ya pale kulikuwa na miaka mizuri. Kulikuwa na ile wakati ya ma-ONG, mashirika ya misaada, kila mtu Bukavu alikuwa anataka teatre ya sensibilizasyo, ya kuelimisha watu, kunawa mikono, kolera, vurugu dhidi ya wanawake, na hata ile ya kuingiza watu wa sale ndani ya mchezo, wanasema ilianzishwa na mtu wa Brazil anayeitwa Augusto Boal, mtazamaji anasimama anachukua nafasi ya mchezaji na kuonyesha angefanya nini. Shangazi alicheka kwa furaha alipoelezewa, akasema lakini hiyo ni ya yule mama wa 2004, yeye hakungoja kuitwa. Alifanya nao kazi vizuri na vijana wengi walipata viatu vya shule pale. Moja yao, silitaji, ilituchezesha kwenye masoko mwezi mzima ikalipa nusu, na nusu ingine mpaka leo. Shangazi akauza kitenge chake cha harusi na cha sikukuu ya wamama, akalipa kila mtoto kile alichoahidiwa. Niliambiwa na binamu yangu miaka mingi baadaye, shangazi mwenyewe hakusema. Hili bado linaniuma, na sitaki kulifanya dogo.

Mchezo mmoja alikataa kuufanya. Vijana tulitaka sana kucheza kifo cha Askofu Munzihirwa, aliyeuawa mule mule mjini kwetu tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 1996, kila familia ya Bukavu iko na neno juu yake. Tulikuwa tumeshaandika. Akasoma kayee yetu usiku mzima akaturudishia. Alisema ya Anuarite anaweza kumpa muuaji sahani, juu amemuombea tangu 1985. Kwa wale wa Munzihirwa bado hajafika. "Na siwezi kupandisha mutu pale juu kama sina sahani yake." Aliomba juu ya jambo hilo kila siku, najua juu nilisikia jina lile katika sala za asubuhi mpaka mwisho. Hakufika, au kama alifika hakutuambia.

Sukari njo ilimwanza, mwaka 2017, halafu tension, presha ya damu, na mwaka 2021 akapooza upande wa kuume na maneno yakaondoka. Mama ambaye alibeba michezo mizima kichwani, anakuangalia, anajua wewe ni nani, mdomo unatafuta jina lako na haulioni. Analia kwa hasira. Tulikuwa hatujui tufanye nini, kila mtu anamkisia, unataka maji? unataka kugeuka?

Mwalimu hakukisia. Alichukua kile kiti chake kidogo cha nyuma ya pazia, akakileta chumbani, akakiweka upande wa kichwa cha kitanda, kidogo nyuma, ambapo shangazi hamuoni. Jioni ya kwanza mimi nilikuwa mlangoni. Akasema na ile sauti yake ya sufleri, "Salamu Maria..." na akanyamaza. Muda ukapita, nikafikiri haitatoka. Halafu shangazi akasema, "...umejaa neema." Wazi kabisa, neno kwa neno, mpaka kwenye Amina. Kusema "nipe maji" alishindwa, lakini ukimpa mwanzo wa kitu alichokijua kwa moyo, anamaliza. Zikawa hivyo jioni zote, sala kwanza, halafu michezo. Mwalimu anatoa mwanzo wa neno la Anuarite, shangazi anamaliza. Mwanzo wa neno la mama mkubwa wa konventi, anamaliza. Siku moja akatoa mwanzo wa neno la koloneli, lile langu, na shangazi akalimaliza polepole vile vile alivyonifundisha, akageuza macho kunitafuta chumbani, akainua mkono wa kushoto na kupitisha kidole chake juu ya shavu langu, kama anafuta kitu.

Alikufa mwezi wa 3, alfajiri, saa ambayo angekuwa anapanda kutoka ziwani.

Mwaka 2023 vijana waliniomba tuirudishe, mwaka mmoja ilikuwa imelala. Nilikubali nikiogopa. Sale sasa iko na plafo, pazia ni jipya, lakini bunduki za mti ni zile zile, mke wangu alikaanga sambaza. Mwalimu tulimbeba kwa pikipiki mpaka mlangoni, macho yake hayasomi tena kayee, lakini aliomba kukaa nyuma ya pazia, kwenye kiti chake.

Koloneli alikuwa mtoto wa miaka 16, familia yake ilifika Bukavu ikikimbia upande wa Kalehe. Alicheza vizuri kupita mimi. Nilipotoka na sufuria na kuuliza, hakuja. Nikamkuta amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, magoti yamekumbatiwa, mita mbili kutoka kwa Mwalimu. Sikuwa na kitenge, nikatumia mkono wa shati langu. Paji, mashavu, mdomo. Nikamwita jina lake la ubatizo, kimya. Nikamwita tena, akainua macho. Na pale, kwa ile presha ya watu wanaongoja na sufuria inayounguza vidole, nikamshika mkono kumsimamisha twende.

Nyuma yangu, kutoka kwenye kiti, ikaja ile sauti ambayo sale haisikii.

"Ya tatu bado."